Kijiti cha Adhuhuri

Jumatano, 2 Julai 2025

Shemeji Godlisten amekuja tena. Jumamosi anataka kumwaga zege ua mzima, ajenge chumba cha kupangisha. Nikamwomba asiguse kijiti cha Tadeo na mstari wa makombe.

"Marehemu ni kaka yangu, shemeji. Lakini kijiti ni kijiti." Nikimwonyesha kina kazi gani, atakiacha. Amesema mwenyewe.

Makombe tuliyaokota ufukweni Tongoni, mimi na Tadeo. Niliyafunga kwenye khanga, mchanga ukamwagika njia nzima. Tadeo alikuwa mwalimu wa jiografia hata nyumbani. Meridiani, alisema, ni neno la Kilatini, limetokana na adhuhuri. Wote walio kwenye mstari mmoja, kaskazini mpaka kusini, adhuhuri huwafikia pamoja. Wetu ulipita uani, hapa Nguvumali. Kivuli cha kijiti kikishafupika mpaka mwisho, kinalala juu ya makombe.

Alhamisi, 3 Julai

Redio ilipotangaza saa sita kamili nikatoka. Kivuli kiko pembeni! Hakigusi hata kombe moja.

Labda kijiti kilisogezwa siku za matanga — watu walijaa, viti kila mahali. Au Tadeo alikosea. Sikula.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemweleza Nasim wa dukani. Akacheka, si kwa ubaya. "Dada Lea, sisi adhuhuri hatuiulizi redio." Akanionyesha kalenda yake ya swala: kwa Tanga, mwezi huu, karibu saa sita na nusu. Saa ya redio ni ya nchi nzima, jua ni la hapa.

Ndiyo maana. Nilikuwa nikimwita Tadeo, wali unapoa, naye amechuchumaa pale: "Bado, mama." Nilidhani ananitania.

Leo mawingu kutwa. Sijajaribu.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika uani, nimeketi kwenye kigoda kando ya kijiti. Jua lipo. Godlisten kaja na fundi Bryson, na zege limeshachanganywa.

"Saa sita imepita, shemeji. Kiko wapi?"

"Bado."

Bryson ananung'unika, zege halingoji mtu, litagandia kwenye toroli. Kivuli kinasogea polepole mno. Upana wa vidole viwili. Kimoja.

Bryson ameinua toroli, anamtazama Godlisten apewe ruhusa. Godlisten hamtazami. Amechuchumaa pale pale alipokuwa akichuchumaa kaka yake, na saa yake ameiziba kwa kiganja —