Kukimbia na Kukimbilia

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limepungua uvimbe. Mimi sijambo, ila vidole vimekauka kwa unga, maana sisi wanovisi ndio tunaooka hostia za parokia zote za huku.

Nakuandikia kwa sababu mambo haya hayasemeki kwenye simu ya Jumapili, na wenzangu wamepanga foleni nyuma yangu. Unajua nadhiri zangu za kwanza zimekaribia, na neno la Mlezi, sista anayetufundisha, ndilo litakaloamua kama nitavaa shela au nitafunga sanduku. Sasa Mlezi ameanza kunijua kupita kiasi. Kwanza aliniuliza kwa upole kwa nini nalia nyuma ya chumba cha kufulia. Baadaye akauliza habari za yule fundi cherehani aliyetaka kunioa. Humu ndani sijamtaja fundi kwa mtu yeyote.

Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamshuku mnovisi ninayelala naye chumba kimoja, tunayemwita Chiriku kwa kuwa hata saa ya ukimya midomo yake hucheza. Nilidhani naongea usingizini, naye anapeleka maneno kwa Mlezi. Nikamtega. Tukiwa tunakata hostia, nikamnong'oneza kwamba namwogopa Mama Mkuu kuliko radi, kisha nikasubiri Mlezi aniulize. Wapi! Chiriku alinisogezea tu kapu la vipande vya pembeni, vile tunavyoruhusiwa kutafuna, akasema hata yeye anamwogopa. Bado sikumwamini. Nilimnunia mpaka akaomba kuhamia chumba kingine, na hilo linaniuma.

Juzi Mlezi aliniita. Aliniuliza jambo moja: je, nimemkimbilia Mungu, au nimemkimbia fundi? Nikanuna. Akatabasamu, akasema naona leo umefunga duka.

Dada, ni nyumba moja tu duniani inayosema hivyo mtu akinuna. Mama simu hata kuishika hajui. Na yale machozi ya chumba cha kufulia nilikusimulia wewe peke yako, kwa barua.

Sikumuuliza Mlezi kitu, naye hakukutaja. Nilimjibu ukweli, kwamba nilipofika hapa kweli nilikuwa namkimbia fundi, lakini mtu hawezi kukimbia miaka yote hii akiwa amekaa palepale. Sasa kengele ya alfajiri ikilia, huwa nimeshaamka naisubiri. Mlezi akasema inatosha, atalipeleka jina langu.

Nimekasirika, sikufichi. Nilikutafutia maneno makali, na niliyapata mengi. Kisha nikakumbuka kwamba kila asubuhi unamnyanyua Mama kitandani peke yako, na nikivaa shela hutapata tena wa kupokezana naye. Kama ulitaka nirudi, ungeniambia mimi. Ningelia, na nisingerudi, lakini ningejua kwamba umechoka.

Mpe Mama salamu zangu, na haya usimwambie. Mwombe jirani akusaidie, mje wote siku ya nadhiri. Nikikuona kanisani nitajua tumeelewana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, ingawa leo kwa shida.