Simu Iliyolia Galbet

Lafey

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa najua kwa sasa hutaki salamu zangu. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka ile dawa ya usiku, au umeiacha tena kwa sababu inanuka? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni jua na vumbi, na watoto wa darasa la nne wanaonicheka nikijaribu Kisomali.

Dada Mwende ameniambia umesema huna mtoto anayeitwa Mutua. Nikipiga hupokei. Ndiyo maana nimeandika, na barua hii nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo Kitui. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho, kwa sababu mwisho wake haunihusu mimi.

Unakumbuka ulivyosema nilipoajiriwa: Garissa mjini sawa, lakini wakinipeleka mpakani na Somalia niache kazi nirudi nyumbani. Waliponihamishia Lafey nilikosa ujasiri wa kukwambia. Na kwa kuwa Mwende alikuwa amekuwekea kwenye simu kile kitone cha kukuonyesha nilipo, niliona njia rahisi. Simu yangu ya zamani nikamwachia Halima, yule mjane mwenye ploti niliyopanga mtaa wa Galbet, pale Garissa, nikanunua nyingine yenye laini mpya na kukupa namba yake. Nilimwambia Halima una presha na ukijua niko mpakani utaanguka. Alikubali kwa huruma, maana naye ana mama mzee. Akaiweka chumbani kwake, juu ya kabati, kwenye chaja.

Basi wewe ukawa unakitazama kitone kila asubuhi kabla ya chai na kumshukuru Mungu. Uliponiuliza mbona Jumapili sikutoka nyumbani, nilikujibu ibada tunafanyia kwenye ploti. Nilikuwa nacheka, Mama. Niliona mtu mzima kuchungwa hivyo ni kioja. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Kisha mtandao wa huku ukapotea, na Halima akaenda Wajir kumuuguza dada yake. Ulipiga laini yangu mpya, haipatikani. Ulipiga ya zamani, inaita tu, na kitone hakisogei. Ukaamini nimeanguka ndani. Mama gani angefikiri vingine? Ulipiga namba ya dharura, ukawapa askari mahali kitone kilipo, na wakakwambia uendelee kupiga ili wafuate mlio. Ukapiga, huku akina mama wa kanisa wamepiga magoti sebuleni kwako.

Wakaufuata mlio hadi chumbani kwa Halima. Wakavunja mlango, majirani wote wakitazama. Mimi hawakunikuta. Walikuta simu ya mwanamume, tena Mkristo, ikilia karibu na kitanda cha mjane.

Wewe uliaibika mbele ya kanisa, na hilo nitakuomba radhi maisha yangu yote. Lakini Halima anafundisha wasichana wadogo Kurani uani kwake. Aliporudi alikuta mlango uko chini na ua mtupu. Wazazi wamewatoa watoto wao.

Niliomba ruhusa nikaenda Garissa. Nilifikiri atanitukana. Alinipa chai.

"Mwalimu, mlango inatengenezwa," akasema. "Jina yangu nitabeleka kwa fundi gani?"

Nilitaka kusimama pale mtaani niwaeleze watu, lakini kaka yake, Abdi, akanizuia.

"Wewe ukiongea watasema unajitetea. Unaharibu zaidi, walahi. Hooyo yako ndiye alibiga simu. Mama yako aongee, watu wasikie."

Alisema kweli. Maneno yangu hayana uzito tena, hata kwako. Ila wewe ukisema kwamba ulikuwa ukimtafuta mwanao, na kwamba ile simu iliwekwa pale kukudanganya wewe, mama yeyote wa Galbet atakuelewa. Abdi atawakusanya wazazi wa wale wasichana Ijumaa baada ya swala ya mchana, na simu ikiwekwa spika sauti yako itasikika kwa wote. Kiswahili watakielewa. Usinifiche hata kidogo. Waambie nilivyo.

Kile kitone cha Galbet nimekizima. Ukitaka, Mwende atakuonyesha cha kweli. Utanikuta mbali juu, karibu kabisa na mpaka. Usipotaka kunitazama, pia nitaelewa.

Msalimie Mwende, umwambie nashukuru hakunificha hasira yako. Msalimie mjomba na mbuzi wake, na mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye sijui nitamtazamaje usoni.

Mimi usinipigie. Mpigie Halima, Ijumaa hiyo. Ile simu bado iko kwake, ila sasa iko mkononi mwake, na namba unaijua kwa moyo. Ni ile ile uliyoipiga siku zile bila kujibiwa. Safari hii itapokelewa.

Mwanao, ukinikubali,
Mutua