Kona Mbili za Mtaro wa Maisaka

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani, nimekaa kidogo na Benadetha pale kwenye migomba. Kaburi limetitia tena upande wa miguuni. Nimejaza toroli mbili za udongo na mvua hata hazijaanza vizuri.

Mchana amekuja Romana. Sasa ni injinia wa mji! Huyu alikuja kwangu field akiwa hajui hata kusimamisha levo, kile kipimio cha mteremko. Nilimfundisha, nilimfokea, akalia. Leo ana kofia nyeupe na ramani kwapani. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Mtaro mkubwa wa maji ya mvua unakuja, kutoka kule juu barabarani, unapita Maisaka yetu hadi bondeni. Mstari umenyooka. Unapita katikati ya shamba langu. Unapita kwa mke wangu.

Amesema kwa upole sana kwamba kaburi linahamishwa kwa heshima, padri akiwepo. Nimemwomba siku chache.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisoma.

Agosti ile ya msiba vijana walichimba karibu na nyumba — mwamba. Wakahamia kwenye mparachichi — mwamba tena. Maiti iko ndani, ndugu zake kutoka Mbulu wamejaa kwenye turubai, jua linashuka. Fabiani, mmoja wa vijana hao, akaja kuninong'oneza: mzee, kule kwenye migomba udongo ni laini, tuchimbe? Nikasema chimbeni.

Majani mabichi mwezi wa nane! Mtu aliyepima mitaro ya mji huu miaka ishirini na sita asijue kwamba hiyo ni njia ya maji? Nilijua. Nilikuwa nimechoka. Na migomba aliipanda yeye, nikaona atapapenda. Nimemlaza mke wangu kwenye mkondo wa maji, na sijamwambia mtu, hata Nestory mwanangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimedanganya.

Katapila limeshafika barabarani. Romana akaja kuuliza nimeamuaje. Nikamwambia mstari wake haufai, kule kwenye migomba chini ni mwamba mtupu, vijana walitoa jasho kupata hilo kaburi moja. Atavunja mawe mwezi mzima na masika yatamkuta njiani. Bora mtaro ukifika mpaka wangu wa juu ukate kona, ufuate mpaka, kisha ukate kona ya pili ushuke kichochoroni, kati yangu na Mama Shadya.

Akaitazama ramani muda mrefu. Akasema taratibu: mwalimu, si kona kama hizi ndizo ulizonikatia maksi? Nikamjibu kwa ukali kwamba karatasi ni karatasi na ardhi ni ardhi. Akacheka, akaandika. Hakutoboa hata shimo moja. Kwa nini atoboe? Kupima nilimfundisha mimi.

Jioni Zuwena — ndiye Mama Shadya — amefuturu, akamtuma binti yake aniletee bakuli la uji. Yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha Benadetha miezi ile ya mwisho, mimi nikiwa nje najifanya napasua kuni. Uji ulikuwa mtamu. Sikuumaliza.

Jumapili, 23 Machi

Mtaro umefika kwetu. Kazi ya mawe ni nzuri, siwezi kusema uongo — ha! Kona zote nimezisimamia mwenyewe. Kwenye ile ya kwanza nimewaambia mafundi wanyanyue ukuta futi mbili zaidi upande wangu. Ile ya pili, ya upande wa Zuwena, mawe hayakutosha. Nikasema inatosha hivyo.

Watu wanapita wanasema mzee Kasimiri bado yumo. Zuwena naye amefurahi, hatakanyaga tope tena. Kamhamishia mumewe Rehani chumba cha nyuma apate hewa, maana tangu alipopooza hajatoka kitandani. Chumba cha nyuma ndicho kinachogusana na kona ya pili. Nilifungua mdomo niseme kitu. Nikauliza bei ya maharage.

Alhamisi, 3 Aprili

Saa tisa mchana. Kwetu manyunyu tu, lakini mlima Kwaraa haukuonekana kabisa, wote mweusi. Nikachukua jembe nikakimbilia mtaroni. Jembe! La nini?

Maji yakaja na magogo, chupa, kandambili, gunia zima la mkaa. Kona ya kwanza yakagonga ukuta wangu, yakageuka. Yakaongeza mbio. Kona ya pili hayakugeuka. Yaliruka ukuta kama haupo, yakaingia kwa Zuwena, na ukuta wa chumba cha nyuma ukaenda nayo.

Tulimtoa Rehani juu ya godoro lake, mimi, Fabiani na Shadya, maji kiunoni. Amemeza tope. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi tu. Yuko hospitali.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kwa Benadetha asubuhi. Pakavu! Hata tone! Nimelia mpaka nikakaa chini.

Jumatatu, 7 Aprili

Rehani yuko kwenye oksijeni. Kifua kimejaa.

Romana alikuja kuangalia uharibifu. Zuwena alimwakia mbele ya mtaa mzima: wewe binti umesomea nini? Mbona hukumsikiliza mzee huyu aliyeijua kazi kabla hujazaliwa? Romana akanigeukia. Alisubiri. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Akasema, "Samahani mama, kosa ni langu," akaondoka kwa miguu, gari kaliacha pale pale.

Fabiani anasema Romana amepewa barua ajieleze ifikapo Ijumaa. Jina langu hakulitaja popote. Nilimfundisha levo, nilimfundisha kuchanganya saruji. Hilo la kubeba mzigo wa mwingine kimya sijui alijifunza wapi, kwangu hakulipata.

Jumatano, 9 Aprili

Zuwena alirudi kutoka hospitali kubadili nguo. Analala kwa shemeji yake, nyumba haikaliki. Akaja moja kwa moja kwangu, akiwa na tope bado kwenye pindo la gauni. Amesikia mtaro utarudishwa kwenye mstari ule wa kwanza. "Nimewaambia, Baba Nestory. Benadetha haguswi. Bora mimi nihame hapa. Na Rehani angekuwa na sauti angesema hivyo hivyo."

Nilisema ngoja niweke chai. Nikaisahau motoni mpaka sufuria ikaungua, na yeye ndiye aliyeisugua.

Mwoga. Nimeliandika ili nilione.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamekuja saa nne. Romana na vibarua wawili, na nondo ndefu. Zuwena naye kaja, kusimama kulinda kaburi.

Romana amesema hataligusa. Anataka tu apime huo mwamba uko kina gani. "Nikiandika kwamba mstari ulishindikana kwa sababu ya mwamba, watanielewa, mwalimu. Sina utetezi mwingine." Akanipa nondo mimi. "Wewe ndiye unayepajua."

Ningeweza kumpeleka kwenye mparachichi. Hatua ishirini tu! Pale ningegonga mwamba, nondo ingelia, wote wangesikia, hadithi yangu ingepona. Lakini barua ya mtoto wa watu ni kesho. Miguu ikanipeleka kwenye migomba. Nikasimamisha nondo hatua mbili kutoka kwa Benadetha, nikaisukuma kwa mkono mmoja.

Ikaingia. Futi moja. Mbili. Nne. Mpaka ngumi yangu ikagusa majani. Nikaichomoa, inachuruzika maji.

Romana aliitazama nondo, halafu akanitazama mimi. Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika. Vibarua wakaanza kuangalia pembeni. Zuwena peke yake hajaelewa, amekuja karibu, ameinamia kile kitobo. "Sasa mwamba uko wapi, Baba Nestory?"

Nimesema naingia ndani kuchukua miwani.

Miwani iko usoni. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati. Romana hajasema kitu, najua hatasema, ananiachia mimi. Najua maneno yote, ni machache, nimeshayaandika humu mwezi mzima —

Zuwena amefika mlangoni. Anagonga. Anasema nisihangaike na miwani, kama sioni vizuri atanishika mkono.