Mashini mbili mu salon

Jumatano. Mvua imelala juu ya Bukavu tangu asubuhi, na roho yangu iko mubaya.

Hii elimu ya ordinateur imenichosha. Nsimire, mutoto wa ndugu yangu mukubwa, anaishi kwangu, na miezi mingi sasa anajifunza namna ya kuweka site ya shule moja kwenye internet. Kuitengeneza alimaliza zamani. Kuiweka tu! Kwanza unaifunga ndani ya kitu wanaita konteneri. Konteneri inataka mulinzi. Mulinzi anataka fichie, ile faili ya kumwambia alinde nini, na ukikosea nafasi moja kati ya maneno, vyote vinagoma. Watu wazima walikaa wakavumbua hii.

Mimi pale Kamituga niliwasha moteur ya kusaga mawe ya dhahabu kwa kamba ya kiatu. Mafuta iliisha, ikaendelea kuzunguka. Nani alinipa konteneri?

Leo directeur wa shule alikuwa afungue site mbele ya wazazi. Ikienda vizuri, Nsimire anapata kazi. Aliniapia haiwezi kuanguka: site inakaa mu mashini mbili, kompyuta zile ziko hapa mu salon yangu, moja ikikufa nyingine inapokea palepale. Akaenda shuleni.

Mchana radi ikaanza.

Sasa baba gani wa Bukavu anasikia radi anaacha vitu kwenye prise ya umeme? Nilichomoa televizyo, frigo, na ile ralonji ya salon, waya murefu wa kugawa umeme. Nikakaa, nimeokoa nyumba.

Nsimire alirudi amelowa. Site ilikufa wazazi wote wakitazama. Akaangalia chini ya meza.

"Tonton, ulichomoa zote mbili?"

"Nilichomoa ralonji. Zote mbili pale uliziweka wewe."

Walinzi wote wale, na hakuna hata mumoja aliyeuliza mashini zinakula umeme wapi. Nilicheka, sifichi. Halafu nikaona anavua viatu polepole kama muzee, nikaacha kucheka.

Directeur amemupa nafasi ingine kesho. Mara moja tu.

Basi jioni hii nimefunga mashini moja ndani ya shiti, nikaibeba mugongoni mpaka Cimpunda, kwa shemeji yangu anayeuzia majirani internet. Muteremko ule, vijana watatu wangeshindwa. Bila konteneri, bila fichie. Nsimire ameijaribu, anasema inapokea.

Nimelala chini sasa, nasikiliza mvua. Shemeji nimemukataza kugusa prise, ameitika.

Lakini naye ni baba wa Bukavu. Radi ikipiga kesho, nani atamushika mukono?