Choo cha Madrasa Hakikutiwa Betri

Fundi wangu Bakari,

Shikamoo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi katika duka lako la redio na simu hapa Msambweni sikushika bisibisi kabla ya kukuamkia, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu. Nina habari njema, tena imenikaa kooni tangu jana. Tumeshinda, Fundi. Choo kipya cha madrasa kimefunguliwa na hakikutiwa hata betri moja.

Unajua mwenyewe ilivyokuwa. Mtu akichimba choo, kabla hajakiezeka alikuja kwako na ndoo, nawe ukamjazia betri zilizokufa, za redio, za tochi na zile za simu zilizovimba kama mandazi. Ulisema zinakula uchafu, choo hakijai wala hakinuki. Mtaa mzima uliamini. Hata baba yangu kule skimu tulikogawiwa shamba, Mkamba asiyemwamini mtu, alitia ndoo mbili kwa neno lako tu.

Ukatuacha. Wiki chache baada ya mazishi, bwana afya alipita kutia dawa visimani, akaingia dukani kuchaji simu, akaona makopo yetu ya betri. Akauliza tunazipeleka wapi. Nilimjibu kwa fahari kabisa. Akavuta kigoda akakaa, akanieleza kwamba betri haili kitu. Inaoza, sumu yake inashuka na mvua, na huu mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama chujio, kwa hiyo kinachoingia chooni kinaishia kisimani.

Nilikukasirikia, Fundi. Halafu nikalia kwa sababu nilimkasirikia maiti. Wewe ndiye uliyenipokea wakati mafundi wengine wa Ukunda walipocheka kuona msichana anataka kushika waya. Nitasimamaje mbele za watu niseme uliwatilia sumu majini? Jina lako ndilo linaloniletea wateja. Nikafunga mdomo, na siku zikapita, na kila nilipochota maji nilijiona mwizi.

Kisha Maalim wa madrasa akaja na ndoo. Unamjua kwa upole wake. Akasema, "Mwende, mwanangu, tunaomba zile betri za Fundi, tufungue choo kwa baraka zake." Kisima cha madrasa kiko hatua chache tu kutoka lile shimo. Watoto wanatawadha pale, wanakunywa pale. Nikamwambia atangulie, nitaileta ndoo.

Nikaipeleka tupu. Wazee walikuwa wamesimama ukingoni mwa shimo, nikasema kwamba Fundi wangu alikosea, nami nilikosea pamoja naye, na nikaeleza kwa nini. Mzee mmoja akanikemea kwamba mtu wa bara amekuja kumtukana marehemu wao.

Aliyejibu ni mkeo. Bi Mwanasha alikuwa ameleta chai. Akaliweka birika chini, akasema, "Huyo marehemu ni wangu. Akikosea redio ya mtu aliifungua upya siku hiyohiyo na kuomba radhi. Na hili angelifungua upya." Basi. Akaanza kumimina chai kama kwamba hakuna kilichotokea. Maalim akaigeuza ile ndoo chini juu, akaikalia, akauliza, "Sasa tuzipeleke wapi?"

Laiti ungeona, Fundi. Hoteli moja ya Diani ilinipa pipa la plastiki, nikaliweka mlangoni petu. Watu wakafukua chini ya vitanda, wakaleta betri, chaja, rimoti, simu za zamani. Kabla ya Ijumaa pipa lilijaa. Yule mzee aliyenikemea alileta mfuko mzima, hakunitazama usoni, lakini alileta. Tumepata lori linalozipeleka Mombasa, kwa watu wanaozifungua kitaalamu. Zilizokwisha kuingia ardhini hatuwezi kuzitoa, sitakudanganya. Visima viwili vya jirani, vilivyo karibu na vyoo vyenye betri, tumeacha kunywa. Lakini cha madrasa bwana afya amekipima na kukitia dawa, ni salama, nami nimekunywa maji yake leo asubuhi mpaka tumbo likajaa.

Niliogopa kukuzika mara ya pili. Kumbe Bi Mwanasha ameliandika jina lako kwenye lile pipa, kwa herufi kubwa, moja imepinda. Watoto wa chekechea ambao hawakukuona hata siku moja, betri ikifa nyumbani, wanasema ipelekwe kwa Fundi Bakari.

Kwaheri, baba. Mola wako na wangu akulaze pema. Nakuahidi kifaa kitakachofika mezani petu nitakitengeneza mpaka kigome, na kikigoma hakitaingia ardhini. Na jua likilififisha jina lako nitaliandika tena. Rangi nimeshanunua.

Mwanagenzi wako,
Mwende