Kwa Jotham Wangila, Aliyewavisha Marubani wa Ndege za Zamani

Mwaka umetimia, Jotham, tangu utuache pale nyumbani Kitale, asubuhi, chai yako ikiwa bado ya moto. Phelista wako aliingia jikoni kuchukua sukari, na aliporudi ulikuwa umeshaondoka. Mpaka leo hatii sukari kwenye chai. Akiulizwa anasema ni mambo ya daktari, lakini sisi tunamjua.

Ulikuwa mtu wa kelele mdomoni na utulivu mikononi. Mtu alilisikia duka lako kabla ya kuliona: cherehani inanguruma, redio inasema, na wewe unabishana na redio. Ulianza na viatu vya shule na mikoba, kama mafundi wengine wa ngozi. Halafu wakaja wale watu wa ndege za zamani, zile za mabawa mawili, moja juu ya lingine, ambazo rubani hukaa wazi, kichwa nje, upepo unamchapa usoni kama wamekosana. Walitaka mtu wa kushona kofia moja iliyopasuka. Ukashona. Wakaleta nyingine. Tangu siku hiyo viatu vya shule ndivyo vilivyopanga foleni.

Kofia zako zilikuwa na ngozi laini nje, gamba gumu katikati, na manyoya ya kondoo ndani, na penye masikio uliacha nafasi ya vile vidude vya kusikilizia redio ya ndege. Kichwa cha mtu ulikipima kwa viganja kwanza, ndipo ukachukua utepe. Phelista alikuwa akikutania, "Baba Nangila, unashika vichwa vya watu kama unachagua kabichi sokoni." Ulicheka, lakini hukuacha.

Na nailoni! Nani hapa nyumbani asiyejua vita vyako na nailoni? Rubani akija na jaketi ya nailoni ati ndiyo atakayoruka nayo, ulimrudisha mlangoni. "Moto ukishika, hii inayeyuka na kukuganda mwilini. Vaa pamba, vaa sufu, vaa ngozi, ama ukae chini kama sisi." Binti yako Nangila alivaa soksi za nailoni siku ya harusi yake, ukamwangalia mpaka akaenda kubadilisha. Tulikuona msumbufu. Ulikuwa msumbufu kweli, Mungu akuweke pema.

Nyumba imekuwa kubwa, Jotham. Phelista bado anaiweka redio kwenye stesheni yako, na hakuna wa kubishana nayo. Alijaribu kuijibu yeye mwenyewe siku moja, akaona haya, akaizima. Nangila yuko Nairobi na kazi yake, simu ni ya Jumapili. Majirani walijaa sebuleni ile miezi ya kwanza. Sasa wanapunga mkono wakipita, kila mtu ana mahindi yake ya kupalilia. Hatuwalaumu. Ila upweke ni kitu kibaya, na tunasema hivyo tu bila kuzungusha. Mama huyu anapika ugali wa wawili, anakula wa mmoja, mwingine anawapa kuku.

Desturi yetu unaijua vizuri kuliko sisi. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, pale kwenu Bokoli, nguo za marehemu hugawiwa mbele ya wazee, na kilichotolewa siku hiyo hakidaiwi tena. Sasa, wanawake wa kanisa waliofunga mizigo Kitale walizoa kila kilichoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chenu. Suruali zako, kabuti lako la mvua, sweta zako, na lile koti la ngozi ya kondoo ulilokuwa unamalizia kola yake kitandani ukiwa mgonjwa. Nani angewaambia kwamba si lako? Phelista hakuwa anajua hata kama ni usiku au mchana. Mzee mmoja akaliinua koti, akasema hili ni la mdogo wa marehemu, na ndugu yako Wakoli akavishwa pale pale. Likambana kifuani, mikono ikamwishia mbali na viganja. Hakuna aliyeshangaa, tulisema ugonjwa ulikuwa umekukondesha.

Phelista alikuwa amelala ndani wakati wa kugawa. Hakuambulia hata kitambaa cha jasho. Si kwamba alinyimwa, alisahaulika tu.

Wakoli akarudi nalo Kamukuywa. Akalivaa kukamua, akalivaa sokoni, akalivaa kanisani jua likiwaka mpaka mchungaji akamwonea huruma. Watu wakimcheka, aliwajibu, "Niacheni, bana. Humu ndani niko na mkubwa wangu." Phelista alipoyasikia hayo alimwonea wivu wa kweli, ule unaokaa kifuani. Yeye angelipata koti hilo, angelilalia.

Basi mwezi uliopita akaja Lorna Chelangat, yule rubani wa ndege ya manjano. Alikuwa amekaa kimya muda wote huo. Injini ya ndege yake ilikuwa imefunguliwa kutengenezwa, na pia aliona vibaya kumsumbua mjane kwa ajili ya nguo. Kofia anayo, ulimkabidhi mwenyewe dukani. Lililobaki ni koti la ngozi ya kondoo alilokuagiza, na hapo Phelista akajua ni lile analovaa Wakoli.

"Pole, Mama," akasema. "Kama limepotea wewe niambie tu. Kuna lingine nimeletewa, naweza kurukia hilo."

"Hilo lingine ni la nini?"

Lorna akaangalia viatu vyake. "Nailoni."

Unamjua mkeo. Alinyanyuka hapo hapo akatafuta kitambaa chake cha kichwa. Lakini ametusimulia kwamba njia nzima ya kwenda Kamukuywa alikuwa akiomba Wakoli asiwe nyumbani. Maana asipolichukua lile koti, msichana wa watu ataruka na kitu ulichokikataa maisha yako yote. Na akilichukua, atakuwa amemvua mdogo wako kitu cha pekee kinachomshikilia, tena atalazimika kumwambia kwamba hata hicho hakikuwa chako.

Alimkuta zizini, amelivaa, anamfunga ndama.

"Mulembe, mulamwa! Shemeji yangu, umekonda hivi nani anakulisha?" Wakoli akampangusia kiti. Wakaulizana habari za huku na huku, mahindi, mvua, Nangila na mtoto wake Ivy. Wakati wote huo Wakoli alikuwa akiipapasa ile kola.

"Shemeji," Phelista akasema mwishowe, "hilo koti."

"We acha tu. Baridi ya Elgon ikishuka jioni, nikilifunga hivi, nasikia ni kama amenishika mabega."

Hapo Phelista alitaka kuaga arudi zake. Akajikaza. "Si la Jotham."

Wakoli akacheka. "Wacha mchezo, Mama Nangila."

"Ni la mteja. Ni la msichana mmoja wa ndege. Jotham alilishona, lakini hakulivaa hata siku moja. Lilikuwa limetundikwa na nguo zake, likabebwa."

Wakoli akamtazama usoni, akaona kwamba hakuna mchezo. Akaangalia mikono ile mifupi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kwa hivyo mwaka mzima nalia ndani ya koti la msichana nisiyemjua?"

"Ndiyo."

"Na nilikuwa naongea naye. Humu ndani. Nilikuwa namwambia mambo."

Ndama akalia, wakamwacha alie. Kisha Wakoli akasema kwa sauti ya chini kwamba kilichotolewa mbele ya wazee hakidaiwi. Phelista akakubali. "Sikudai. Ukisema libaki, litabaki, na mimi nitamwambia Lorna limepotea. Ila ujue ataruka na nailoni."

"Nailoni?" Wakoli akashtuka. "Si huyu mzee atafufuka atukute hapa!"

Wakacheka wote wawili, Jotham, wakacheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakujua pa kusimama. Ndipo Wakoli akalivua. Akalipiga piga kutoa nywele za ng'ombe, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi kati yao, akabaki na shati kwenye ule ubaridi.

"Na wewe ulipewa nini?" akamuuliza.

"Sikupewa."

"Hata sweta?"

"Hata kitambaa."

Wakoli hakuwa amelijua hilo. Wengi wetu hatukulijua mpaka Phelista alipotusimulia. Wakakaa hivyo mpaka jua likashuka, watu wawili waliokupenda kuliko wote, wasio na vazi lako hata moja, na koti la mtu katikati yao.

Wakoli ndiye aliyelipeleka Kitale kwa mkono wake. Hakukubali litumwe. Siku ya kuruka, yeye na Phelista walisimama kando ya uwanja wa ndege, nyuma ya kamba, pamoja na watu waliokuja kushangaa. Lorna akaivaa kofia yako, akalivaa koti lako, likamkaa barabara kama ulivyolipima. Injini ikakohoa, ikashika. Ndege ilipopaa Wakoli akainua mkono, akapiga kelele, "Haya, mkubwa! Haya!" Watu wakadhani anamshangilia rubani. Kwenye mazishi hakuwa ametoa hata neno.

Ilizunguka juu ya mashamba, ikapotea upande wa mlima, ikarudi, ikashuka salama. Lorna akatoka ndani yake, akavua kofia, uso umemwiva kwa baridi lakini shingo na masikio yakiwa ya moto, na akaja kumshukuru Phelista kwa mikono miwili. Makofi yakapigwa. Watu wakaanza kutawanyika. Wakoli akasema, "Twende, mulamwa, imeisha."

Phelista hakusogea. Ndege ile ina viti viwili, Jotham. Alisimama akikitazama kile cha pili, kilichokuwa kitupu, kama mtu anayesubiri mwenzake ashuke, na aliposemeshwa alisema anangoja kidogo. Alingoja mpaka kijana wa ndege akaja na turubai akakifunika.

Tutakutana Bokoli Jumamosi hii kwa maombi kando ya kaburi lako. Unakumbukwa na mkeo Phelista. Binti yako Nangila na mumewe. Mjukuu wako Ivy, anayeuliza kwa nini duka limefungwa. Ndugu yako mdogo Wakoli wa Kamukuywa. Dada yako Wilkista. Na marubani uliowavisha, walioko juu na walioko chini.

Siku zote tutakazojaliwa, Jotham, hutatoka mioyoni mwetu.