Marehemu wa Dirisha la Tiketi

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo nimeambiwa nimekufa. Na aliyeniambia alikuwa amevaa fulana yenye sura yangu!

Nilikuwa dirishani kama kawaida, nakata tiketi za bwawa. Asubuhi ya kina mama wa mazoezi ya majini. Akaja jamaa mrefu, mikono ya fundi bomba, nywele hadi mabegani – nywele zangu za mwaka 1979. Kifuani pake mimi, mdomo wazi, macho kama ya mtu aliyekanyaga moto. Akaomba abandike bango. "Marl Hole Tena. Kumkumbuka marehemu Nero Vane. Jumamosi tarehe 23, Klabu ya Wafinyanzi, Burslem."

"Alikufa lini huyu?" nikauliza.

"Zamani, mzee. Ureno huko. Pombe." Akatikisa kichwa, na huzuni yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Ulipata kumsikia enzi zake?"

"Kidogo."

"Basi njoo. Utakumbuka ujana."

Jina lake Lee Bloor. Bango nimelibandika mwenyewe, kwa gundi ya ziada.

Simlaumu kutonijua. Nero, yaani mimi nilipokuwa mwimbaji wa bendi ya Marl Hole, alikuwa mwembamba kama fimbo ya bendera. Norman Tunnicliffe wa leo ana upara, kitambi, nyonga mbovu, na sweta la manispaa lililoandikwa KARIBU. Na habari za kufa zilitoka gazetini mwaka 1998, nikiwa nalala ndani ya gari Lisbon, sijui ni Jumatatu au Krismasi. Sikusahihisha. Nilipata nafuu, kusema kweli. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini bendi ilivunjika, wala kwa nini Roy, mpiga gitaa wetu, aliishia kaburini.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia binti yangu Rowena. Alicheka mpaka nikasikia honi nyuma yake – alikuwa ameegesha basi kituoni na abiria wanamsubiri.

"Baba, marehemu! Sasa tutakuzika wapi?"

Anasema Jumamosi Lee na bendi yake ya kutuiga wanapiga mjini Leek, kwenye baa moja karibu na soko, na yeye siku hiyo hana zamu. Lazima twende. Mwanangu ana miaka thelathini na saba, anaendesha basi la ghorofa, na akishaamua jambo hakuna breki.

Baa. Nilimpigia mzee wangu wa mikutano ya walioacha pombe. Kasema nenda, kunywa soda ya tangawizi, kaa karibu na mlango. Miaka kumi na moja bila tone – sijawahi kukaa mbali na mlango.

Jumapili, 10 Machi

Lee anaimba vizuri kuliko mimi! Niliandike hapa ambapo hakuna atakayeliona. Mimi nilikuwa napiga kelele na kuomba Mungu noti iwe karibu. Yeye anaipata noti. Watu wa makamo wamejaa mpaka ngazini, wanaimba maneno yote. Mama mmoja mwenye mkongojo aliuinua juu kama panga. Rowena alinishika mkono, anarukaruka. Nami nikajikuta naimba, tena nikikosea maneno, jirani ananisahihisha: "Si hivyo, mzee!"

Halafu wimbo wa mwisho. Taa zikawa nyekundu. Lee akaanza kuyumba. Akashika kipaza sauti kama mtu anayezama. Ukumbi mzima ukaanza kuhesabu – moja! mbili! tatu! – na akaanguka kutoka jukwaani, chali, juu ya godoro. Vifijo! Watu wanalia kwa kucheka. Kumbe hicho ndicho wanachokuja kuona.

Birmingham, 14 Novemba 1981. Nilianguka hivyo hivyo. Hapakuwa na godoro.

Rowena aliacha kucheka. Kwenye gari hakuwasha injini.

"Ile ndiyo siku yangu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nazaliwa, wewe unaanguka."

"Tulitoka pamoja," nikasema. Mzaha wa kijinga. Lakini alicheka, akanipiga bega, akawasha gari. Nashukuru Mungu kwa mtoto mwenye kicheko cha karibu.

Sikulala vizuri.

Jumanne, 12 Machi

Lee huja kuogelea Jumanne. Nimemwita dirishani.

"Ile ya kuanguka – iache."

"Iache? Mzee, watu wananunua tiketi kwa ajili ya ile!"

"Mwenyewe hapendi."

"Mwenyewe nani?"

Nikamwambia. Alicheka kwa adabu, kama unavyomchekea mgonjwa. Akaanza kunipima. Ubeti wa tatu wa wimbo wa pili, albamu ya kwanza? Sijui. Mpiga ngoma aliyetuacha mwaka 1977 aliitwa nani? Namkumbuka masharubu tu. Tulipiga mara ngapi Japani?

"Tulifika Japani?"

"Mzee wangu," akasema, akanishika mkono, "Nero wa kweli angejua."

Shazia, bosi wangu, alikuwa pembeni anakunywa chai, ananitazama kama mtu aliyegundua kwamba paka wake anasema Kiitaliano. Kwake mimi ni Norman tu, mtu wa tiketi, anayejua kuzibua mfereji wa bafu.

Nikakasirika. Nikatoka kwenye kibanda changu, nikasimama ukingoni mwa bwawa, nikaimba. Mstari mmoja tu, ule wa mwanzo wa wimbo wa mwisho. Dari la bwawa lile la vigae linarudisha sauti mara tatu. Ikatoka! Imechakaa, ina kutu, lakini yenyewe. Kina mama majini wakasimama na maboya yao. Mtoa mafunzo akazima redio.

Lee aliangusha miwani yake ya kuogelea. Akakaa sakafuni, palepale kwenye maji.

"Ulikuwa umekufa," akasema.

Shazia: "Norman, ukimaliza, kuna foleni."

Alhamisi, 14 Machi

Lee amekuja na chapati za shayiri, jibini na nyama ya nguruwe ndani, za moto. Amekaa na mimi mapumziko yote bila kula yake, kazi kunikodolea macho. Baba yake alifanya kazi ya tanuri hapa Burslem mpaka kiwanda kilipofungwa, akawa haongei na mtu, anakaa jikoni anasikiliza Marl Hole. "Kulikuwa na wimbo mmoja tukiuimba pamoja. Ndiyo maongezi yetu yote hayo, mzee. Miaka sita." Nikamwomba chumvi.

Ana jalada. Nene kama Biblia ya kanisani. Maisha yangu yote, yamekatwa magazetini na kubandikwa kwa tarehe. Amenikopesha. Amelibeba kwa mikono miwili, ameniachia kama mtu anayeacha mtoto chekechea.

Nimeahidi kutoweka kikombe juu yake.

Jumapili, 17 Machi

Rowena alikuja kula. Kuku, viazi, mchuzi wangu wenye mabonge. Tukafungua jalada mezani.

Ajabu kusoma maisha yako ukiwa huyajui! Kumbe Osaka nilimnunulia kila fundi wa jukwaa mwavuli. Kumbe nilimpiga mwandishi kwa samaki, Rotterdam. Rowena alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari, nikacheka mpaka machozi. Kuna mengine hakuyasoma kwa sauti. Mazishi ya Roy: picha ipo, mimi simo. Nilikuwa baa mkabala na kanisa. Hilo nalikumbuka.

Halafu ukurasa wa Birmingham. Mimi chini, damu sikioni, nacheka. Saa tatu na dakika arobaini usiku. Rowena alizaliwa saa nne kasoro dakika tano.

"Maskini," akasema. "Na ulikuwa hujui kitu."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia siku zote. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Glenys, mama yake, siku tatu baadaye, kabla hajachoka nami kabisa na kwenda zake Wales kwa bwana mmoja mfugaji wa kondoo. Kwamba ujumbe haukunifikia.

Ulinifikia. Saa moja na dakika kumi jioni. Meneja wa ukumbi aliniletea karatasi: njoo hospitali, uchungu umeanza. Niliisoma. Nikaikunja. Nikafungua chupa nyingine – kwa sababu niliogopa. Kupanda jukwaani nilikuwa naweza hata nikiwa nimelewa. Kuwa baba sikujua kunafanywaje.

Sikumwambia. Nilikata keki.

Jumanne, 19 Machi

Lee hakuja kuogelea. Amevunjika mguu! Alikuwa juu ya ngazi, anafunga bomba kwa mteja, ngazi ikateleza. Hogo la plasta mpaka gotini. Amenipigia simu kutoka hospitali, mchangamfu ajabu.

"Sauti ni nzima, mzee. Nitaimba nimekaa kwenye kiti. Shida ni kuanguka."

"Ndiyo hivyo, utaacha."

"Nilikuwa nafikiri... wewe ungekuja uanguke."

Nilidhani sijasikia.

"Mimi? Nianguke?"

"Mwisho tu. Mimi naimba, wewe unaanguka. Nani anaijua kuliko wewe?"

Miaka arobaini na moja tangu albamu ya kwanza – na mchango wangu kwa muziki wa Uingereza ni kuanguka! Nilicheka mpaka Shazia akaja kuona kama nimepatwa na kiharusi. Nilipomweleza alifikiri kidogo. Kasema nina umri wa miaka sitini na saba na nyonga ya kioo, na kwamba akinikataza nitakwenda tu, kwa hiyo atatuazima magodoro ya mazoezi ya manispaa, yale mazito, manne, na yeye mwenyewe atakuwepo na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Nimemwambia Lee: nitakuja, lakini siangushwi na mtu. Wimbo wa mwisho nitauimba mimi, nimesimama, mpaka mwisho wake. Tangu 1981 haujawahi kufika mwisho mbele ya watu. Hata wao huanguka kabla ya ubeti wa nne.

"Ubeti wa nne unaujua?"

"Nitumie."

Ameutuma. Kumbe ni mzuri.

Alhamisi, 21 Machi

Mazoezi sebuleni. Jirani kagonga ukuta. Nikadhani analalamika – kumbe anapiga mdundo!

Ila siwezi kuuimba ule wimbo mbele ya Rowena huku anaamini habari ya uongo. Nimejaribu kujidanganya kwamba naweza. Kesho.

Ijumaa, 22 Machi

Nilipanda basi lake Hanley, mzunguko wa saa kumi. Nikasimama karibu naye, mahali palipoandikwa usizungumze na dereva. Nikangoja mpaka kituo cha mwisho, tukiwa tumesimama, injini imezimwa. Nikamwambia. Karatasi, saa, chupa. Yote, bila kupamba.

Hakunigeukia. Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Saa moja ulijua."

"Saa moja na dakika kumi."

"Na hospitali ilikuwa mbali?"

"Dakika ishirini kwa teksi."

"Mama alikulilia siku ile, baba. Aliwaambia wakunga wasikulaumu, hujui. Mpaka leo anakutetea."

"Najua."

"Shuka."

"Ro..."

"Nina ratiba. Shuka."

Mvua inanyesha. Bibi mmoja aliyekuwa anapanda na mikoba yake alinitazama, akamtazama yeye. "Atalowa huyo, mwanangu."

"Atakauka," Rowena akasema, akafunga mlango.

Nilirudi kwa miguu. Maili tatu. Nimelowa mpaka soksi, nyonga inaimba yenyewe. Nilipita baa nne, sikuzitazama hata moja. Cha ajabu – usiku huu najisikia mwepesi. Nimempoteza labda. Lakini nimempoteza mimi mwenyewe, si yule wa kwenye fulana.

Hapokei simu.

Jumamosi, 23 Machi. Saa mbili na dakika arobaini na tano usiku, chumba cha nyuma cha Klabu ya Wafinyanzi

Naandikia magotini, nimekaa juu ya kreti la soda. Soma mwenyewe utakavyoweza, Norman.

Ukumbi umejaa! Shazia yuko mlango wa pembeni na kisanduku chake, amekuja na kina mama wote wa bwawani, wamevaa lipstiki. Lee yuko kwenye kiti katikati ya jukwaa, hogo limechorwa miale ya moto, anaimba kama malaika aliyekula changarawe. Hajawaambia mimi ni nani. Amesema tu kuna mgeni mwishoni. Wao wanajua maana ya mwisho. Magodoro manne ya bluu yamepangwa chini ya jukwaa, na watu wameacha nafasi kuyazunguka, wako tayari kuhesabu.

Nimenusa bia tangu nilipoingia. Nina chupa ya maji. Nimeishika kama reli.

Nimechungulia kwenye pazia sasa hivi. Rowena yumo.

Amekuja na sare yake ya kazi, beji na yote. Hakunipungia. Alipenya katikati ya watu, samahani, samahani, akafika mbele kabisa, na badala ya kusimama na wengine akakanyaga magodoro akiwa na viatu, akakaa. Katikati. Miguu ameikunja, mikono kifuani, uso ameuinua kuelekea jukwaani. Jamaa mmoja wa klabu alimwinamia, nadhani kamwambia dada, hapa si pa kukaa, kuna mtu atakuangukia. Sikusikia alichojibu. Jamaa kaondoka haraka.

Watu wanacheka, wanadhani ni sehemu ya onyesho. Shazia amenitazama kutoka ule mlango, ameinua mabega.

Sijui kama Rowena amekaa pale ili nisiweze kuanguka, au ili nikianguka yeye ndiye awe chini yangu. Uso wake hausemi. Ni uso wa dereva anayesubiri taa.

Wimbo wa kabla ya mwisho umekwisha. Taa zinakuwa nyekundu. Lee anasema kwenye kipaza sauti, polepole – siyo Nero. Anasema, "Karibu, Norman." Wachache wameshaanza: moja...

Nimelisahau neno la kwanza la ubeti wa nne. Rowena bado hajanyanyuka. Naenda kuimba.